Rangi za kofia za wakubwa wa Uingereza zama za Tudor: nani alivaa ipi?

FundiMavazi aliuliza:

Habari zenu wakuu. Tunaandaa igizo lenye sehemu mbili. Ya kwanza iko kwenye kasri ya Henry VIII mwaka 1536, ya pili iko mwaka 1580 chini ya Elizabeth I. Wahusika karibu wote ni wa tabaka la juu: mfalme, malkia, duke mmoja, manaiti wawili, mabinti wanaomhudumia malkia, na mfanyabiashara tajiri wa London anayetafuta kujipenyeza kwa wakubwa.

Mchoraji ameleta jedwali la rangi za kofia: zambarau kwa mfalme, nyekundu kwa duke, buluu kwa manaiti, kijani kwa wanawake, na nyeusi kwa mfanyabiashara kwa sababu yeye ndiye wa chini. Mimi nina shaka nalo, hasa hapo kwenye nyeusi.

Naomba kujua: sheria ilipanga kweli rangi za kofia kwa vyeo? Kofia ya mwanaume inashonwaje hadi ionekane ya wakati ule? Ule ushungi wa wanawake wenye umbo la paa unakaaje kichwani bila kuteleza? Na kufika 1580 nini kilikuwa kimebadilika? Tunashona wenyewe, kwa hiyo vipimo vinahitajika sana.

---

Kitani_na_Hariri alijibu:

Mkuu, jedwali hilo limepinduliwa chini juu. Kofia nyeusi ndiyo ilikuwa kofia ya mkubwa, kuanzia mfalme mwenyewe. Fungua picha alizochora Hans Holbein akiwa London: Thomas More mwaka 1527, Thomas Cromwell miaka michache baadaye, kisha Henry VIII kwenye ile picha ndogo ya mwaka 1537 hivi iliyoko makumbusho ya Thyssen, Madrid. Wote watatu wana kofia nyeusi. Kinachomtenga mfalme na hao wengine ni mahameli, unyoya mweupe wa mbuni, na dhahabu na vito vilivyoshonewa ukingoni. Ukitaka mtazamaji ajue nani ni nani jukwaani, panga kwanza vitambaa, halafu mapambo. Rangi ije mwisho kabisa.

Thamani ya nyeusi ilitokana na kazi yake. Mtia rangi aliyetaka nyeusi nzito alianza na buluu ya mmea wa wodi, akapitisha nyekundu ya mizizi ya mmea wa mada, ndipo akamalizia kwa vinundu vya mwaloni na chumvi ya chuma. Kila chovyo kililipiwa. Nyeusi ya bei rahisi iliruka hatua mbili za mwanzo. Dukani ilionekana sawa, lakini baada ya muda iligeuka kahawia yenye kutu, na ile chumvi ya chuma ikaanza kuula uzi. Hata nyeusi nzuri ilikuwa na chuma hicho hicho ndani yake, na ndiyo maana nguo nyingi nyeusi za karne ile zimeoza. Mwaka 1581 Bunge lilifikia kupiga marufuku rangi ya mti wa logwudi kutoka Amerika, kwa kuwa vitambaa vilivyotiwa rangi hiyo vilipauka haraka. Kwa hiyo mfanyabiashara wenu anaweza kuvaa nyeusi, ila iwe nyeusi ya sufu, iliyopauka kidogo upande wa kahawia. Ya mfalme iwe nyeusi ya mahameli inayomeza mwanga. Ukiwasimamisha pamoja, tofauti itajieleza yenyewe.

Nyekundu ilikuwepo pia. Ile picha ya mtoto Edward, mwana wa Henry VIII, ambayo Holbein alimchora karibu na mwaka 1538, iliyoko Washington, inamwonyesha na kofia nyekundu yenye unyoya, chini yake ana kofia ndogo ya dhahabu iliyobana kichwa. Kwenye igizo ningeweka kofia nyekundu moja tu, tena kwa kijana wa damu ya juu. Mkiweka tatu, nguvu yake inapotea.

Sasa ushonaji wa kofia bapa ya 1536. Kwa kichwa cha sm 58, kata duara la mahameli lenye kipenyo cha sm 36. Bitana iwe duara la sm 32, ndiyo itakayozuia kichwa cha kofia kisilegee. Kunja marinda madogo kuzunguka duara lote hadi mzunguko ufike sm 60, kisha lishone kwenye mkanda wa kitani wenye upana wa sm 3. Ukingo ni pete ya kanvasi ngumu yenye upana wa sm 6, iliyofunikwa mahameli pande zote mbili na kuzungushiwa waya mwembamba kwenye pindo la nje. Pete hiyo ikatwe sehemu mbili, juu kidogo ya kila sikio, halafu sehemu hizo ziunganishwe kwa jozi za vincha vya dhahabu, vile vya kuvishwa kwenye ncha za kamba. Mwisho ukingo unakunjwa juu.

Makosa ninayoyaona mara nyingi ni haya. Duara likizidi sm 40, kofia inavimba kama ya mpishi wa hoteli. Ya wakati ule ililala bapa na kuinama upande mmoja. Vipande vya mahameli vikikatwa bila kufuata mlalo mmoja wa vinyweleo, kimoja kitaonekana cheusi na kingine cha kijivu chini ya taa. Pasi ikigusa uso wa mahameli, alama yake haitoki tena, kwa hiyo tumia mvuke kutoka upande wa ndani huku kitambaa kikiwa kinaning'inia. Na mahameli ya poliesta inayojaa madukani inang'aa mno jukwaani. Tafuta ya pamba hata kama ni nusu ya wingi uliotaka.

Unyoya kwa 1536 unalala. Chukua unyoya mweupe wa mbuni wa sm 35 hadi 40, ufuate ukingo kwa ndani, ushike kwa mishono mitano, mti wake ufichwe chini ya mkunjo. Unyoya uliosimama wima utawapeleka kizazi kingine kabisa.

Beji ya kofia iwe na kipenyo cha sm 4 au 5, kwenye ukingo uliokunjwa, usawa wa kipaji cha upande. Ilikuwa sehemu ambayo bwana aliweka imani yake au falsafa yake hadharani. Jean de Dinteville, balozi wa Ufaransa aliyechorwa na Holbein London mwaka 1533, ana beji yenye fuvu la kichwa. British Museum wana beji ya dhahabu ya enzi hizo inayoonyesha Kristo na mwanamke Msamaria kisimani. Duke wenu mpe beji ya namna hiyo, na manaiti wabaki na vincha vya dhahabu tu.

---

DaftariLaSheria alijibu:

Naongezea upande wa sheria, maana hapo ndipo jedwali la mchoraji linaanguka kabisa.

Sheria za mavazi zilitaja vitambaa, rangi za vitambaa hivyo, na manyoya ya wanyama. Hazikutoa orodha ya rangi za kofia kwa kila cheo. Zambarau ya hariri ilihifadhiwa kwa mfalme na jamaa zake wa karibu chini ya sheria ya 1533, ambayo ndiyo inayotawala sehemu yenu ya kwanza. Lakini ruhusa ya kuvaa kitu si amri ya kukivaa kila siku, na kichwani Henry alichorwa na nyeusi.

Buluu kwa manaiti ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Sheria ya 1510 ilisema wazi kwamba asiyefikia cheo cha Naiti wa Garter asivae mahameli ya nyekundu iliyoiva wala ya buluu, si kwenye joho, si kwenye koti, si kwenye vazi lake jingine lolote. Kundi la Garter lilikuwa dogo mno, lile la juu kabisa. Naiti wa kawaida akitokea mbele ya mfalme na kofia ya mahameli ya buluu, amejitafutia kesi. Buluu ya sufu ya bei nafuu nayo ilikuwa na maana yake: ndiyo rangi ya makoti ya watumishi. Kwa njia zote mbili buluu haiwafai manaiti wenu.

Kwa kofia hasa, sheria inayouma ni ya utawala wa Mary I, iliyopitishwa kwenye Bunge lililokaa mwishoni mwa 1554 na mwanzoni mwa 1555. Mtu wa chini ya kiwango kilichowekwa akionekana na hariri kwenye kofia yake, mkanda, viatu, soksi au ala ya upanga, adhabu ilikuwa kifungo cha miezi 3 na faini ya pauni 10. Waliosamehewa ni pamoja na mrithi wa naiti na waliomzidi cheo, mwenye pato la pauni 20 kwa mwaka, na mwenye mali ya pauni 200. Mahameli na satini za wakati huo zilikuwa za hariri, hivyo zimo ndani ya katazo. Angalia vizuri: kigezo ni pesa na cheo, rangi haikutajwa.

Halafu ipo ile ya 1571 ya kuwalinda watengeneza kofia za sufu. Kila aliyezidi umri wa miaka 6 alitakiwa kuvaa kofia ya sufu iliyofumwa Uingereza siku za Jumapili na sikukuu. Asiyevaa alitozwa shilingi 3 na peni 4 kwa kila siku. Waliosamehewa: mabinti, wanawake wa tabaka la juu, mabwana wakubwa, manaiti, na muungwana mwenye ardhi ya kumwingizia marki 20 kwa mwaka, yaani pauni 13, shilingi 6 na peni 8, pamoja na waliowahi kushika nyadhifa za heshima mijini. Sheria hiyo ilifutwa 1597. Matokeo yake ni kwamba kofia bapa ya sufu, ambayo umbo lake lilikuwa la kifalme mwaka 1536, kufika 1580 ilikuwa alama ya raia wa mjini na mwanafunzi wa ufundi. Hapo mna kitu cha kuigizia: mfanyabiashara wenu akiingia sehemu ya pili na kofia bapa wakati wanaume wa kasri wana kofia ndefu, hadhira itamsoma kabla hajafungua mdomo.

Wanawake walitajwa wazi kuwa hawahusiki na sheria ya 1510. Walikuja kuwekewa orodha yao kwenye tangazo la Elizabeth la mwaka 1574. Katikati, mwaka 1542, Henry alipata njia ya pembeni ya kuwafikia. Mwanaume ambaye mkewe alivaa ushungi wa Kifaransa au kofia ya mahameli yenye mapambo ya dhahabu au lulu alilazimika kufuga farasi dume wa kupandwa kwa ajili ya utumishi wa mfalme. Kichwa cha mke kikawa kipimo cha utajiri wa mume.

---

FundiMavazi aliandika:

Shukrani sana, hii imenifungua macho. Kwa mfanyabiashara, hebu nieleweshwe: akiwa na mali ya zaidi ya pauni 200 anaweza kuvaa mahameli kihalali mwaka 1580? Na mabinti wa malkia mwaka 1536, wavae ushungi wa paa au wa Kifaransa? Kati ya wake wa Henry, nimeona vitabu vikisema Anne Boleyn ni wa Kifaransa na Jane Seymour ni wa Kiingereza, basi.

---

DaftariLaSheria alijibu:

Kwa sheria ya Mary, ndiyo, lakini sheria ya 1566 ilimkataza kila aliye chini ya cheo cha naiti au mwana wa lodi kuvaa kofia ya mahameli, kwa hiyo mwaka 1580 hapana. Mapema zaidi mahameli haikuwa ya kasri peke yake. Kwenye meli ya Mary Rose iliyozama 1545, kofia ya mahameli ya hariri ilikutwa kwenye chumba cha daktari mpasuaji wa meli. Mtu wa taaluma, si bwana mkubwa.  Mfanyabiashara mnyimeni pia unyoya na beji ya dhahabu, ila hapo ni kwa sababu ya tabia yake: mtu wa biashara London alitaka aonekane ana pesa na pia ana heshima ya kutulia.

---

BiSindano alijibu:

Ndugu FundiMavazi, mgawanyo huo wa Anne na Jane una ukweli ndani yake lakini umekazwa kupita kiasi. Medali ya Anne Boleyn ya mwaka 1534, iliyoko British Museum, inamwonyesha na ushungi wa Kiingereza wenye paa. Kwa Jane ushahidi ni mzito zaidi. Mwaka 1537 binti Anne Basset alikuja kumtumikia akiwa na mavazi ya Kifaransa, akaambiwa atafute kofia ya mahameli na ukanda wa paji. John Husee, wakala wa familia, alimwandikia mama yake kwamba ushungi wa Kifaransa ulimpendeza binti zaidi, lakini matakwa ya malkia lazima yatimizwe. Anne Boleyn aliuawa tarehe 19 Mei 1536. Kama onyesho lenu liko kabla ya hapo, changanya aina zote mbili. Kama liko baada ya hapo, mabinti wote wavae paa.

Rangi: usiweke kijani. Sehemu ya nyuma inayoning'inia ni nyeusi, ya mahameli au satini, karibu kwenye kila picha. Rangi inaingia mbele tu: kitani cheupe kinachoonekana ukingoni, mshipi wa dhahabu wenye lulu, hariri ya mistari kwenye paji. Holbein alimchora Jane mwaka 1536, picha iko Vienna, na hapo unaona mpangilio wote kwa mbele. Kwa upande wa nyuma tafuta mchoro wake wa mwanamke mmoja akionekana mara mbili, uko British Museum. Bila mchoro ule utashona mbele nzuri na mgongo wa kubahatisha.

Ushungi wa paa hautelezi kwa sababu haujishikilii wenyewe. Unashikiliwa na nywele. Fuata mpangilio huu, na usiruke hata kimoja:

Gawa nywele katikati, suka mikia miwili ukiwa umesukia utepe wa kitani ndani, ipitishe juu ya kichwa ikipishana, kisha uishone kwa uzi ule wa utepe. Pini pekee hazitoshi. Mwigizaji mwenye nywele fupi avae mkia wa bandia ulioshonewa kwenye mkanda.

Juu yake vaa kofia ya ndani ya kitani inayofika nyuma ya masikio, iliyobana. Ipigie pini kwenye ile misuko. Huu ndio msingi, na ukilegea kila kitu kitalegea.

Funika nywele za mbele kwa mikanda miwili ya hariri ya mistari, upana wa sm 5 hivi, ikutane katikati ya paji pale paa litakapokaa. Kwa 1536 hakuna unywele hata mmoja unaoonekana chini ya paa.

Sasa fremu. Tabaka mbili za kanvasi ngumu iliyopakwa gundi, waya wa milimita 1.2 ukizunguka pindo lote. Sehemu ya mbele iwe na upana wa sm 6 au 7, na pembe ya juu iwe butu. Ukiichonga kali sana inaonekana kama kibanda. Pande zishuke hadi usawa wa taya. Upigie pini kwenye kofia ya ndani sehemu nne: mbili juu ya paji, mbili nyuma ya masikio.

Mwanzoni mwa enzi, kwenye picha za Elizabeth wa York, mama yake Henry VIII, ncha za mbele zinaning'inia hadi kifuani. Kufika 1536 zimefupishwa na kukunjwa juu, zikapigwa pini kwenye paa. Kwa mwanamke mzee kwenye igizo, mwache na ncha ndefu. Atasomeka kuwa mtu wa kizazi kilichopita.

Mwisho ni kitambaa cheusi cha nyuma, sehemu mbili. Moja inaning'inia mgongoni, nyingine unaweza kuikunja juu na kuipiga pini kichwani. Uzito mwingi wa ushungi huu unatoka hapa, kwa hiyo tumia satini nyepesi au mahameli nyembamba bila bitana. Mahameli nzito ndiyo inayovuta paa kurudi nyuma, na mwigizaji ataanza kulirekebisha kwa mkono kila dakika.

Pembe ikianza kuhama kushoto au kulia, shida haiko kwenye fremu. Kofia ya ndani imezunguka. Weka alama ya uzi mwekundu katikati ya kofia ya ndani na katikati ya fremu, zikutane kila mnapovaa.

Ushungi wa Kifaransa ni mwepesi kuliko huo lakini ndio unaoharibiwa zaidi. Maduka ya mavazi huuza kitu kinachosimama kichwani kama taji. Kwenye picha kinalala, kinafuata mviringo wa fuvu, kinaanzia nyuma zaidi, na nywele zilizogawanywa katikati zinaonekana mbele. Mshipi wa vito uko mmoja chini karibu na nywele na mwingine juu. Hapa rangi ina nafasi zaidi. Elizabeth akiwa bado binti wa mfalme, kwenye picha ya mwaka 1546 hivi, ana ushungi wa Kifaransa mwekundu wenye lulu unaolingana na gauni lake. Sehemu ya nyuma ya ushungi kwa kawaida inabaki nyeusi hata hapo.

Jambo moja zaidi, kama igizo lina msiba. Kanuni za maombolezo zilizowekwa na Margaret Beaufort, mama yake Henry VII, zilipanga kitani cheupe chenye marinda kinachofunika shingo. Mke wa baroni na waliomzidi cheo walikivaa juu ya kidevu. Wa chini yao walikivaa chini ya kidevu. Hapo ndipo cheo kilipimwa kwa sentimita, na wote wana nyeusi na nyeupe zile zile.

---

UkingoMrefu alijibu:

Nimalizie na 1580, maana wengi mmebaki kwa Henry.

Kofia bapa imeondoka vichwani mwa wanaume wa kasri. Iliyopo ina kichwa kirefu na ukingo mwembamba. Kwa mahameli au tafeta, tengeneza kikombe cha kanvasi ngumu chenye urefu wa sm 14 hadi 16, kipungue kidogo kuelekea juu, kisha vika kitambaa chenye marinda yanayotoka kilele hadi chini. Ukingo usizidi sm 4. Mahali ukingo unapokutana na kichwa, funga ukanda wa dhahabu, wa lulu, au wa hariri iliyosokotwa. Unyoya sasa unaruhusiwa kusimama, upande mmoja, ukianzia kwenye beji.

Kwa wenye pesa zaidi kuna felti ya manyoya ya biva, mnyama wa mitoni. Philip Stubbes, aliyekuwa akilaumu mavazi ya zama zake mwaka 1583, anasema kofia hizo zilitoka ng'ambo na ziliuzwa shilingi 20, 30, hata 40 moja. Ulinganishe na ile faini ya shilingi 3 na peni 4 aliyoitaja DaftariLaSheria, utaona umbali uliokuwepo kati ya kichwa na kichwa. Huyo huyo analalamikia kofia zilizochongoka robo yadi juu ya kichwa, yaani karibu sm 23, na anataja rangi: nyeusi, nyeupe, kahawia ya udongo, nyekundu, kijani, njano. Kwa hiyo kama mchoraji wenu anapenda rangi, sehemu ya pili ndiyo mahali pake. Mpe kijana mmoja wa kasri kofia ya njano au ya kijani, awe mtu wa kufuata mtindo. Wazee wa baraza la malkia waendelee na nyeusi.

Kwa wanawake, fremu nzito ya paa imekwisha. Kuna wavu wa nyuzi za dhahabu unaobeba nywele nyuma, na kofia ndogo ya kitani chepesi yenye waya, ambayo mbele inabonyea katikati ya paji na kupanda pande zote mbili. Hiyo ndiyo inayoonekana kwenye picha za Mary, malkia wa Scotland. Nje na kwenye kupanda farasi wanavaa kofia ndefu kama za wanaume juu ya wavu ule. Waya wa kofia ndogo uwe wa milimita 0.8, mzito zaidi utatoboa kitani kabla ya onyesho la tatu.

Kuhusu kuvua kofia: mwanaume alikaa nayo ndani ya nyumba na hata mezani, lakini mbele ya mfalme au malkia aliivua na kubaki nayo mkononi mpaka aruhusiwe. Kwa hiyo bitana itaonekana. Shoneni bitana ya hariri au satini safi hata kwenye kofia ambayo nje yake ni rahisi, na mzoeshe waigizaji kushika kofia kwa ukingo. Wakiishika kwa unyoya, unyoya utakatika kwenye mshono wa kwanza.

---

FundiMavazi aliandika:

Nimeelewa, asanteni nyote. Jedwali jipya ni hili: mfalme nyeusi ya mahameli na unyoya mweupe, duke nyeusi ya mahameli na beji, manaiti nyeusi na vincha vya dhahabu, mfanyabiashara nyeusi ya sufu. Wasiwasi wangu uliobaki ni kwamba nyeusi nne jukwaani zitaungana kuwa doa moja.

---

Kitani_na_Hariri alijibu:

Zitaungana kama taa yote inatoka mbele. Mwombe fundi wa taa aweke moja ya pembeni, usawa wa bega, ndiyo itakayoamsha vinyweleo vya mahameli na kuacha sufu ikiwa imefifia. Kwa kofia ya sufu tumia iliyofumwa, si ya kukata kitambaa. Ifumwe kubwa kwa robo zaidi, ikandwe kwenye maji ya moto na sabuni hadi ijikaze na mishono isionekane, kisha ikaushwe juu ya sahani ya sm 28 ipate ubapa wake. Wao walitumia udongo maalum majini, wakainua vinyweleo kwa miba mikavu na kuvikata kwa mkasi. Nyinyi brashi ya nguo inatosha. Na kabla hamjashonea beji wala vincha, zijaribuni zote nne chini ya taa hiyo, mkiwa mmekaa safu ya nyuma kabisa ya ukumbi.